Gari Linauzwa na Mke Yumo Ndani

Nyinyi mlionipigia simu wiki nzima kuniuliza kama Verlene alitoka chooni, jibu ni hili: hakutoka. Bado yumo.

Na gari linatembea.

Kwa aliyejiunga nasi leo, habari ni fupi. Verlene Haugstad, mama wa miaka sitini na saba, na mumewe Orrin, waliuza shamba lao la ngano kule Dakota Kaskazini miaka mitano iliyopita, wakanunua gari-nyumba la mita kumi lenye kitanda, jiko, choo na bafu. Tangu hapo hawana nyumba nyingine. Kiangazi wanazurura kaskazini. Baridi ikianza wanateremka jangwani Arizona, nje kidogo ya Quartzsite, kuota jua pamoja na wazee wenzao. Orrin amelipa gari jina: Solveig. Verlene huliita mke mwenza.

Asubuhi ya siku hiyo Verlene alitoka na jirani kwenda mnadani. Njiani akakumbuka kwamba ameacha miwani. Akarudi peke yake, akakuta gari tupu, akaingia chooni mara moja tu, akafunga mlango, na ulimi wa kitasa ukagoma kurudi.

Ndipo injini ikawaka.

"Orrin!" alitaka kuita. Lakini sauti iliyosikika kule mbele haikuwa ya Orrin.

"Funga mkanda, Raelyn. Tunaondoka."

Sauti ya kijana. Verlene hakuwahi kuisikia maishani mwake.

Wezi!

Mkono wake ukatafuta silaha. Choo chenyewe ukinyoosha viwiko unagusa kuta zote mbili. Akapata chupa ya dawa ya kusafishia. Akaishika shingoni, akatulia.

"Taratibu hapo, kijana," ikasema sauti nyingine. "Mkia wake mrefu. Ukikata kona mapema utakibeba kile kibao."

Huyo alikuwa Orrin.

Verlene alishusha pumzi, karibu acheke. Akainua ngumi augonge mlango. Basi yule kijana akauliza swali lililomzuia.

"Mzee, kwa nini unaliuza?"

Ngumi ikabaki hewani.

Analiuza? Orrin? Yule yule aliyesema mbele ya binti yao, siku ya Shukrani, kwamba Solveig atatoka mikononi mwake siku atakapotolewa yeye miguu mbele? Miaka mitano Verlene amemlilia auze. Alilia Oregon mvua ilipovuja kitandani. Alilia Nebraska walipobadilisha matairi sita kwa siku moja. Na mzee siku zote alijibu kwa kupiga mluzi.

Sasa anauza, na mkewe hajaambiwa.

Verlene akateremsha mfuniko wa choo, akakaa juu yake, akatega sikio.

"Nimechoka nalo," Orrin alisema.

"Nieleze ukweli wake, mzee. Gharama." Kijana aliitwa Denton, kwa maana yule mwanamke alikuwa akimwita hivyo kila gari lilipoyumba. "Linakunywa mafuta kiasi gani?"

"Galoni moja, maili nane. Ukiwa na upepo mbele yako, sita."

"Mungu wangu," alisema Raelyn.

"Subiri, bibie, sijamaliza. Kila baridi lazima ulipie pa kuegesha. Bima. Jenereta. Paa lazima upake dawa kila mwaka, la sivyo utalala na sufuria kifuani. Na chochote kikiharibika, fundi anakutazama, anatazama ukubwa wa gari, ndiyo anataja bei."

Verlene alitikisa kichwa. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe! Neno kwa neno! Miaka mitano alidhani anaongea na ukuta.

"Mzee, wewe unauza au unatufukuza?" Denton akacheka.

"Umeniuliza ukweli."

"Sasa na raha yake?" aliuliza Raelyn. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeuliza jambo lake mwenyewe. "Lazima kuna raha. Isingekuwepo, usingekaa nalo miaka mitano."

Verlene alisikia vikombe vikigongana kabatini, na mchanga ukipiga chini ya gari. Kisha barabara ikawa laini. Walikuwa wameshika lami.

"Tuliharibikiwa Montana," Orrin akaanza. "Mkanda wa feni ulikatika. Kipuri kitafika baada ya siku tatu, na hapo tulipo hakuna hata duka. Ngano tu pande zote. Mke wangu akasema, kwa kuwa huna kazi, kaa nikukate nywele. Akanikata pale nje, kwenye kiti. Mvi zangu zikapeperuka mpaka kwenye waya wa shamba. Akaja ndege mdogo, akaokota moja, akaenda nayo. Akarudi, akaokota nyingine. Kumbe anajenga kiota! Anajenga nyumba kwa kichwa changu!"

Raelyn alicheka.

"Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Sikuwa nimemsikia akicheka namna ile tangu tuuze shamba. Tukageuza viti, tukamtazama yule ndege mpaka jua likazama. Hatukula chakula cha mchana. Basi. Raha yake ndiyo hiyo. Matairi sita, paa, mafuta, vyote nilivilipa, na nikiulizwa nilinunua nini, nilinunua siku ile."

Kule chooni Verlene alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameisahau siku ile. Hapana, hakuisahau, aliiweka mahali ambapo hasira zake hazifiki, asije akalazimika kulisamehe gari.

Karibu agonge. Mnishuhudie, karibu agonge!

Lakini Denton aliwahi.

"Kadi ya gari ina majina mawili hapa. Orrin na Verlene. Huyu Verlene ndiye mkeo? Atakuja kutia sahihi leo?"

Kiti cha Orrin kikalia.

"Mzee?"

"Amefariki," Orrin alisema. "Oktoba."

Chupa ya dawa ikamponyoka Verlene, ikaangukia kwenye zulia dogo. Haikutoa sauti.

"Pole sana, baba," alisema Raelyn. "Aliugua?"

"Moyo."

Verlene akaweka mkono kifuani. Moyo wake ulikuwa mzima kuliko wa huyo aliyekuwa akiutangaza. Miezi miwili tu iliyopita daktari alimwambia ataishi mpaka awachoshe wajukuu.

"Kwa hiyo huku uko peke yako," Denton alisema.

"Peke yangu."

"Watoto?"

"Binti. Anaitwa Karin, yuko Minot. Tunapigiana Jumapili."

"Na majirani hapo kambini?"

"Kila mtu na lake."

"Inasikitisha," alisema Denton, na akaongeza mwendo.

Verlene hakulipenda swali lile, wala namna kijana alivyokanyaga mafuta mara alipojibiwa. Lakini hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, haikuacha nafasi ya kitu kingine. Ameniua! Ameniua ili auze gari! Akamwona Orrin amesimama kanisani Minot anapokea pole na sahani za viazi vya kuoka, na kila mjane wa mtaani anamletea keki.

Mara mlango ukatikiswa.

"Naweza kuangalia choo?" Raelyn alikuwa hapo hapo, upande wa pili, ubao mwembamba tu kati yao. Akavuta. "Umekwama."

"Kitasa hicho kina tabia zake," alisema Orrin. Hatua zake zikaja, nzito, mkono mmoja ukipapasa kabati. "Nipishe, bibie. Unaingiza kisu hapa, unanyanyua..."

Kisu kikapenya ufa wa mlango. Ulimi wa kitasa, ambao Verlene aliupigania bila mafanikio, ukaanza kusogea.

Na mnajua alifanya nini? Aliushika! Alitia vidole viwili, akaubana. Aliyekuwa amefungiwa sasa alijifungia mwenyewe. Marehemu gani atoke chooni na kusema habari za asubuhi?

Orrin alisukuma. Verlene akabana. Orrin akasukuma tena, kisha akaacha. Kupitia ubao ule Verlene alisikia pumzi yake ikisimama.

Mzee alikuwa ameelewa. Kitasa kibovu hakisukumi.

"Kimegoma," alimwambia Raelyn, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Twende ukaketi. Hapa patakutupa akikata kona."

Baada ya maili kadhaa gari likapunguza mwendo, likakunja, likasimama. Kituo cha mafuta. Denton alisema anataka kutazama matairi, halafu azungumze na mkewe faraghani. Milango ikafunguka, ikafungwa.

Hatua nzito zikaja mlangoni mwa choo.

Kisha, kwa sauti ndogo sana: "Verlene?"

"Verlene amefariki," alijibu mkewe. "Oktoba. Moyo."

"Ee Mungu."

"Mungu ninaye hapa, anakusubiri. Fungua huu mlango, Orrin, nikuonyeshe maiti inavyopiga."

"Si ulikwenda mnadani?"

"Kwa hiyo kosa ni langu! Nimerudi bila ruhusa, nimekuharibia msiba!"

"Sema polepole, watasikia."

"Kwa nini umeniua?"

"Lilinitoka tu. Kadi ina majina mawili. Ningekuletea utie sahihi, ungeniuliza kwa nini nauza."

"Nimekuomba uuze kwa miaka mitano, mwanamume wewe! Ningetia sahihi hata kwa mafuta ya gari!"

"Ndiyo," alisema Orrin. "Ungeshangilia. Sikutaka kukuona ukishangilia."

Verlene alisogea mlangoni. Aliegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Haya, sasa nakuuliza," alisema baadaye. "Kwa nini unauza?"

Nje mtu alikuwa akipiga honi.

"Macho."

"Macho gani?"

"Yangu. Yule daktari wa Yuma, nilipokwambia nakwenda kununua betri. Katikati hapana kitu tena, Verlene. Nikikitazama kitu, hicho ninachokitazama ndicho kinachopotea. Nikikutazama wewe naona nywele na masikio. Uso haupo."

"Tangu lini?"

"Yalianza Septemba."

Verlene akapiga hesabu ya safari. Septemba, Oktoba. Moyo ule ule uliotangazwa umesimama ukaruka.

"Umenipitisha milima ya Colorado, mimi nimelala, na wewe huoni!"

"Nilikuwa naona pembeni."

"Pembeni! Orrin, barabara iko mbele!"

Mzee aliguna. Ilikuwa kicheko au kilio, kupitia ubao huwezi kujua. Verlene naye ikamtoka sauti ya namna hiyo hiyo, na kwa kitambo wakawa wamesimama hivyo, kila mmoja na paji lake mlangoni, wamekaribiana kuliko walivyowahi kukaribiana majira yote ya baridi.

"Tutakaa wapi?" Verlene aliuliza.

"Kwa Karin. Chumba cha chini. Nimeshaongea naye."

"Kile chenye dirisha moja, linalotazama matairi ya magari ya watu?"

"Si ulisema unataka nyumba isiyotembea?"

Alisema. Alisema mara elfu. Sasa nyumba isiyotembea imepatikana, na Verlene akakiona kile chumba, theluji imeziba dirisha, Orrin kwenye kiti anatazama pembeni, na wao wawili hawana mahali pa kwenda mpaka Aprili. Hakushangilia. Alijitazama ndani akitafuta hata tone la furaha, hakuliona.

"Usiuze leo," alisema.

"Nini?"

"Usiuze leo. Mimi nitajifunza kuliendesha."

"Wewe! Hujawahi hata kulirudisha nyuma!"

"Nimeendesha trekta la baba yangu kabla wewe hujaota ndevu. Nitoe humu, tutagombana nje."

"Kile kisu kimepinda," alisema Orrin, na sauti yake ilikuwa imepata uhai. "Ngoja nilete bisibisi kwenye sanduku la nje. Dakika moja tu. Verlene?"

"Nini tena?"

"Samahani kwa kukuua."

"Toka, kabla sijafufuka."

Alimsikia akishuka ngazi, moja, mbili, akizunguka nyuma ya gari akipapasa bodi. Alimsikia akilifungua sanduku la vifaa.

Halafu akasikia kitu kingine. Hatua za haraka. Mlango wa mbele. Injini.

"Panda, Raelyn! Panda!"

"Denton, mzee yuko nje! Yuko nyuma ya gari!"

"Najua aliko. Panda!"

Gari likaruka mbele. Verlene alirushwa kwenye pazia la bafu, akaanguka chini, maji ya bomba yakafunguka yakammwagikia kichwani. Aliyazima kwa kupapasa.

"Ulisema tunanunua!" Raelyn alikuwa akilia. "Ulisema pesa unazo!"

"Umesikia mwenyewe. Hana mke. Hana jirani. Binti anapiga Jumapili, na leo ni Jumatatu. Kadi iko hapa mezani, anayejua kaiachia nani ni yeye tu. Mpaka mtu amsikilize kipofu yule, sisi tuko ng'ambo ya mpaka."

Kumbe aliyaona macho ya mzee! Aliyaona tangu mwanzo, akanyamaza.

Kupiga kelele? Atamsikia nani, ila huyo huyo? Simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba uko kitandani. Mlango haufunguki. Dirisha hakuna. Verlene akatazama juu.

Kulikuwa na kitundu cha hewa darini, mraba, mfuniko wake wa plastiki. Jua la miaka mitano lilikuwa limeugeuza rangi. Alipanda juu ya choo, akararua wavu wa mbu, akaupiga mfuniko kwa kitako cha ile chupa ya dawa. Mara ya kwanza ukalia. Mara ya pili ukapasuka, na upepo ukaubeba.

Alitoa mkono mmoja na kichwa. Upepo ulimpiga kofi.

Walikuwa hawajafika mbali. Kituo cha mafuta kilionekana chote, na Orrin alikuwa pale uwanjani, bisibisi mkononi. Kando ya pampu kulikuwa kumeegeshwa gari-nyumba jingine, jeupe kama lao, urefu ule ule.

Orrin alikuwa akiupiga mlango wa hilo.

"Verlene!" alikuwa akiita. "Verlene, fungua!"

"Orrin!" Verlene alipiga kelele mpaka koo likauma. "Huku! Orrin! Huku!"

Upepo ulizichukua zote. Mzee aliinamia mlango wa watu akiongea nao, kiganja amekilaza kwenye bodi kama anavyokilaza begani kwa mkewe, na mtu mwenye kofia akawa anamjia kutoka ndani ya kituo kumuuliza ana shida gani. Alizidi kuwa mdogo. Akawa mdogo kama kiberiti. Gari likakata kona kushoto, likaiacha lami, likaingia njia ya vumbi inayoshuka kusini kati ya vichaka, na Verlene hakumwona tena.

Alibaki amesimama hivyo, kichwa nje, mwili ndani, machozi yanakauka kabla hayajafika shavuni. Kwa upepo ule hakusikia chochote kilichokuwa kikiendelea chini yake.

Hakusikia kisu kikikwaruza ufa wa mlango. Hakusikia ulimi wa kitasa ukinyanyuka, wala mlango ukifunguka.

Mkono ukamshika kifundo cha mguu.

Verlene aliteremka kwa kishindo, chupa juu, tayari kupiga. Mbele yake alisimama msichana aliyemzidi kwa kimo kidogo tu, rangi imemtoka usoni, kisu cha mezani kimemlegea mkononi. Raelyn alimtazama marehemu kuanzia nywele zilizolowa mpaka viatu. Kisha akageuka nyuma, akahakikisha Denton macho yake yako njiani, akajibana ndani ya choo pamoja naye na kuuvuta mlango.

"Usipige kelele, mama," alinong'ona. "Nakuomba. Mimi mwenyewe tangu juzi natafuta jinsi ya kumkimbia huyu."

Na kitasa, nyuma yake, kikajifunga: tak.